Simu Inahesabu Miguu. Mikono Nani Anaihesabu?



Leo tuchambue kitu ambacho karibu sisi wote tunacho mfukoni na hatujawahi kukiuliza swali: ile programu ya simu inayohesabu hatua. Wengi wetu tunaipenda. Jioni mtu anafungua simu, anaona 6,000, anaituma mu kikundi cha WhatsApp, wenzake wanampongeza. Hakuna ubaya. Kutembea ni dawa, na kama namba inamtoa kijana kwenye kiti, namba imefanya kazi yake.

Lakini weka simu hiyohiyo mfukoni mwa mtu anayetumia kinga ya mikono, ile ya magurudumu matatu, akitoka Musonoi kwenda sokoni mjini. Mikono inazunguka, jasho linatoka, vumbi la malori linamfunika, pale kwenye mlima anasimama kidogo apumue, halafu anaanza tena. Akifika, simu itamwambia nini? Pengine sifuri. Pengine hatua mia mbili, na hizo mia mbili ni mashimo ya barabara, juu kifaa kimedhani kila mtikisiko ni mguu. Yaani mashine imehesabu ubaya wa barabara na imeacha kazi ya mtu.

Hapo njo penye ukosoaji wangu. Sikosoi simu, na sikosoi mazoezi. Nakosoa wazo lililofichwa ndani ya hesabu: kwamba mwili unaofanya mazoezi ni mwili wenye miguu miwili inayotembea kwenye barabara nzuri. Asiye na mwili huo haonekani mu hesabu, na asiyeonekana mu hesabu hapewi hata moyo wa kuendelea.

Mtu atasema: ni jambo dogo, ni mchezo wa simu tu. Si dogo. Shirika la Afya Duniani, mu ripoti yake ya mwaka 2022, linasema watu wenye ulemavu ni kama bilioni 1.3, mtu mmoja kwa kila watu sita duniani. Linasema tena kwamba baadhi yao wanakufa hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu, na hatari yao ya kupata kisukari, kiharusi, unene uliopita kiasi na huzuni kali ni mara mbili. Mengi ya magonjwa hayo yanapungua mtu akiusogeza mwili wake. Kwa hiyo wale wanaohitaji zaidi kusukumwa kufanya mazoezi njo wale ambao mashine ya kusukuma haiwajui.

Tuanze na asili ya ile namba 10,000 ambayo programu nyingi zinatupa kama lengo la siku. Wengi wanadhani ilitoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani, Yamasa, ilitoa kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Wajapani walikuwa wametoka tu kupokea Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, watu walikuwa na hamu ya mazoezi, na elfu kumi ilikuwa namba nzuri kwa biashara: inakaa kichwani haraka. Utafiti ulikuja nyuma sana. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa utafiti juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa tayari na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Elfu kumi si amri ya mwili. Ni jina la bidhaa lililogeuka kuwa sheria.

Na kuna jambo linalosahauliwa. Tokyo hiyohiyo, Novemba 1964, wiki chache baada ya Olimpiki, ilipokea Michezo ya Paralimpiki. Watu walishindana mbio za viti vya magurudumu, walicheza kikapu kwenye viti, walirusha mishale. Japani iliona mikono ikikimbia. Mwaka mmoja baadaye kikatoka kifaa cha kuhamasisha mazoezi, na kifaa hicho kilijua miguu tu. Miguu peke yake njo tuliyorithi mu simu zetu.

Ndani ya simu kuna kitu kidogo kinachosikia mtikisiko na mwendo. Waandishi wa programu walikifundisha mdundo wa mtu anayetembea: juu, chini, juu, chini. Mdundo ukifanana, inaongeza moja. Mashine haina chuki na mtu yeyote. Inajua paka kile ilichofundishwa. Swali la kuuliza ni hili: nani alikuwa mu chumba wakati wa kuifundisha, na nani hakuwamo?

Tutende haki, kuna waliojaribu kurekebisha. Mwaka 2016 Apple ilibadilisha programu ya saa yake ya mkononi ili mtu wa kiti cha magurudumu aweze kuhesabiwa misukumo ya mikono mahali pa hatua. Ile sauti inayomkumbusha mtu kusimama kila saa ikabadilishwa kuwa ya kumkumbusha azungushe magurudumu. Ili kufika hapo walifanya kazi na watu zaidi ya 300 wanaotumia viti vya magurudumu, pamoja na taasisi ya Lakeshore ya Alabama. Waligundua kwamba kusukuma kiti kuna namna nyingi: msukumo wa mtu anayepanda mlima, wa mtu mwenye haraka, wa mtu anayejiendea polepole. Hilo nalisifu wazi. Hawakukaa ofisini kukisia. Walikwenda kwa wenyewe, wakapima, njo wakaandika.

Sasa ilete saa ile hapa kwetu. Kwanza, bei. Ili ifanye kazi inataka simu ya kampuni ileile, na vitu viwili hivyo pamoja ni pesa ambayo familia nyingi za Musonoi hazitaiona kwa miezi mingi. Pili, kuran: kifaa cha kuchajiwa karibu kila siku mahali ambapo umeme unakwenda na kurudi unavyotaka ni mzigo mwingine. Tatu, na hili njo la ndani kabisa: saa ile ilifundishwa kiti kinachosukumwa kwa kushika ukingo wa gurudumu. Wengi wa watu wetu hawatumii kiti cha namna hiyo barabarani. Wanatumia kinga ya mikono, yenye mnyororo na pedali za mkono, iliyochomelewa na fundi, inayobeba mtu na mzigo wake. Mkono unazunguka duara. Ni mwendo mwingine. Hata ile mashine iliyosikiliza, ilisikiliza watu wa Marekani kwenye viti vya Marekani.

Na tusisahau tunaishi wapi. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa inatoka huku kwetu Lualaba. Kobalti inaingia mu betri za simu na za saa. Sisemi hivi ili tulie pamoja kisha twende kulala. Nasema juu kuna hesabu ambayo haijafanyika. Jiwe linatoka chini ya miguu yetu, linazunguka dunia, linarudi likiwa kifaa kinachojua kuhesabu hatua za mtu wa California lakini hakijui kuhesabu mikono ya mtu wa Kolwezi. Na mu Kolwezi, mbali na wale walioguswa na polio utotoni, kuna walioumia mu migodi, kuna walioanguka na taksi-moto, kuna waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Ulemavu hapa si habari ya mbali.

Basi mtu wa haraka atasema: rahisi, tuandike programu ya kuhesabu mizunguko ya mikono, tuweke lengo la elfu kumi, kazi imekwisha. Hapana. Tutakuwa tumebadilisha kiungo na kuacha kosa lilelile. Juu kuna tofauti kati ya mguu na bega. Mguu umeumbwa kubeba mwili siku nzima. Bega halikuumbwa hivyo. Maumivu ya bega ni moja ya malalamiko makubwa ya watu wanaotumia mikono kusafiri, na wataalamu wa viungo wanalijua hilo tangu zamani. Mtu anayezungusha kinga saa tatu kila siku akitafuta maisha, ukimpigia kelele kwamba lengo bado, unamwumiza. Yeye amechoka sehemu moja ya mwili kupita kiasi, na sehemu nyingine hazijaguswa: mgongo, misuli ya nyuma ya bega, kifua kilichokaza. Programu nzuri ingemwambia: leo mikono imetosha, vuta hiki kipande cha mpira kuelekea nyuma mara kumi, nyosha kifua, pumua. Yaani wakati mwingine ushauri bora wa mashine ni kumwambia mtu apumzike. Programu ngapi zinajua kusema hivyo? Zimejengwa kusifu "zaidi" kila siku.

Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichelewa. Mwongozo wake wa mazoezi wa Novemba 2020 njo wa kwanza kutoa ushauri maalumu kwa watu wenye ulemavu. Unasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa juma za mazoezi ya kiasi, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna, na kwamba mtu aanze pole pole, kwa uwezo wake. Angalia kipimo walichochagua: dakika. Dakika haiulizi kama una miguu. Mtu anayeogelea, anayezungusha kinga, anayecheza ngoma akiwa amekaa, wote wana dakika. Kama mwandishi wa programu angeanza na dakika mahali pa hatua, nusu ya ukosoaji wangu ingekufa hapo.

Tupanue macho, juu ulemavu si miguu peke yake. Mu YouTube zimejaa video za mazoezi. Mwalimu anasema "fanya hivi", bila kusema hivi ni vipi. Asiyeona amebaki na muziki. Kiziwi anaona mwili unaruka lakini hajui mwalimu anaonya nini juu ya mgongo, na maandishi ya chini, kama yapo, ni ya Kiingereza au Kifaransa. Halafu video inakula mega. Mama anayenunua mega za siku moja ili azungumze na mtoto wake Lubumbashi hatazimaliza kwa dakika ishirini za kuruka-ruka.

Na historia inatuonyesha kwamba vifaa vilivyosaidia sana vilikuwa vidogo kabisa. Mwaka 1946, baada ya vita, Hans Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani walitafuta mchezo kwa askari waliopoteza macho. Walitumia mpira wenye kengele ndani. Mchezo huo unaitwa goalball, na tangu 1976 unachezewa medali mu Paralimpiki. Teknolojia yake ni kengele. Jirani yetu wa Kenya, Henry Wanyoike, alipoteza macho mwaka 1995 baada ya kiharusi, na mwaka 2000 kule Sydney akashinda dhahabu ya mita 5,000. Teknolojia yake ilikuwa kamba fupi kati ya mkono wake na mkono wa mwenzake anayeona. Kengele na kamba vyote viwili vilianza na swali moja: mtu huyu tayari anasikia nini, anashika nini, anaweza nini? Programu ya hatua ilianza na namba, kisha ikatafuta mwili wa kuifaa.

Kama unataka kuona mikono ile ambayo simu haioni, kuna filamu. Inaitwa Benda Bilili!, ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010. Inafuata wanamuziki wa Kinshasa wa kundi la Staff Benda Bilili, wengi wao walioguswa na polio, na kinga zao za magurudumu matatu. Kwa Kilingala jina hilo lina maana ya kuangalia zaidi ya kile kinachoonekana nje. Nina lawama moja ndogo juu ya filamu: inapenda sana safari ya kutoka mtaani hadi majukwaa ya Ulaya, kama vile mtu mwenye ulemavu anastahili kutazamwa akishinda tu. Lakini kamera inakaa karibu na mabega. Unaona mkono unasukuma, unacheza, unapiga gitaa, na kinga inakuwa sehemu ya mchezo. Watengeneza filamu wawili wenye kamera waliona kile ambacho kampuni kubwa za simu hazikukiona kwa miaka mingi, juu walikaa na watu wale muda mrefu, mtaani kwao.

Sasa, sisi wenye diploma tufanye nini? Sheria iko upande wetu. Nchi yetu iliingia mu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu chake cha 30 kinataja wazi michezo na burudani. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria ya kulinda na kukuza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Lakini sheria haizungushi gurudumu. Kila mwaka wanafunzi wa informatiki na wa umeme hapa kwetu wanatafuta kichwa cha kazi ya mwisho wa masomo, ile TFE, na wengi wanaishia kuandika tena programu ya duka au ya hospitali ambayo haitatumiwa na mtu. Nawapa kichwa kimoja bure.

Wapanda kinga wa mashindano wana kifaa cha zamani na cha bei ndogo: sumaku moja kwenye waya wa gurudumu, na kisikizi kwenye uma. Kila sumaku ikipita, mzunguko mmoja. Gurudumu lenye upana wa sentimita 66 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.07. Mizunguko 1,000 ni zaidi kidogo ya kilomita 2. Hesabu hii haitaki intaneti, haitaki saa ya gharama, haichanganyi mashimo na hatua, na fundi wa kinga anaweza kuifunga. Ongeza saa ya kawaida ya kupima dakika, una kipimo kinachofaa barabara yetu. Halafu ushauri utumwe kwa sauti fupi ya WhatsApp, kwa Kiswahili chetu cha hapa, mega kidogo, au usomwe redioni asubuhi kwa asiye na simu kubwa. Kwa kiziwi, picha nne zenye mishale zinatosha kuanza. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, kaa wiki mbili na watu watano wanaotumia kinga, uliza bega linauma saa ngapi.

Najua kuna atakayesema: watu hawa wanatafuta chakula, wewe unawaletea mazoezi. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Lakini angalia inakokwenda. Inasema kwamba mtu maskini mwenye ulemavu ana haki ya kula peke yake, na kwamba mwili wake ni wa kubeba mizigo mpaka uvunjike. Bega likivunjika, na chakula kinakwisha. Kwa mtu wa kinga, bega njo mguu, njo duka, njo ada ya shule ya watoto. Kulilinda ni kulinda chakula. Tena, ana haki ya kucheza kwa furaha kama sisi tunavyocheza mpira Jumapili bila kuulizwa tumekula nini.

Nakubali pia kwamba kifaa peke yake hakitatosha. Hata sumaku nzuri haifanyi kitu kama mlango wa uwanja una ngazi, kama malori yanamsukuma mtu wa kinga mu mtaro, kama kocha anamfukuza mtoto mwenye mkono mmoja. Lakini hesabu ina nguvu moja: kitu kilichohesabiwa kinaweza kudaiwa. Siku tutakapokuwa na daftari linaloonyesha kwamba watu kumi wa Musonoi wanazungusha kilomita ngapi kwa juma, na wapi wanasimama kila siku kwa sababu barabara imekatika, tutaweza kuliweka mbele ya meya na mbele ya kampuni zinazopitisha malori, na kusema: hapa, na hapa, na hapa.

Kwa hiyo usifute programu yako ya hatua. Endelea kutembea. Ila ukiona 10,000 jioni, jua namba hiyo ilitoka wapi, na jua nani hayumo. Na wewe unayetafuta kichwa cha TFE mwaka huu, mafundi wa kinga wako palepale barabarani. Nenda ukawasalimie, nenda na kalamu.